Mimba Niliyoikubali kwa Aibu ya Kutapika

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana hili ninalokuandikia sijamwambia binadamu yeyote, na maji yamenifika shingoni.

Mimi ni fundi cherehani, nashona magauni ya harusi kwenye duka la mama mmoja ambaye sote tunamwita Bosi, na kazi yangu nyingine pale ni kuvaa, yaani gauni la mfano likishashonwa mimi ndiye navalishwa ili Bosi aone linavyokaa, kwa sababu mwili wangu ndio kipimo cha duka tangu nikiwa msichana, sasa nilipoolewa nikanenepa kidogo kama watu wanavyonenepa, siku moja zipu ikagoma mbele ya wateja, Bosi akacheka akasema, "Ndoa imekukubali, mwanangu, itabidi tutafute kipimo kingine," wakacheka wote na mimi nikacheka, lakini nilirudi nyumbani roho inaniuma, nikaanza kujinyima chakula, na nikijinyima kutwa nzima basi jioni nakula kama mtu aliyefungiwa stoo, mkate, wali wa jana, chochote kilichopo, nakula bila kusikia ladha, nikimaliza najichukia, najifungia chooni najitapisha. Nilidhani ni jambo la siku moja. Sasa ni mwaka wa pili.

Mama mkwe alikuja kututembelea akanisikia. Nilipotoka macho mekundu nikamkuta amesimama mlangoni, nikajua leo nimeumbuka, kumbe mwenzangu anatabasamu, akanishika mikono akauliza, "Mwanangu, miezi mingapi?" Mshauri, pale pale ningeweza kusema ukweli. Siku zangu zilikuwa zimepotea, ila kipimo nilikuwa nimeshapima na nilijua sina kitu tumboni, na bado nikainamisha kichwa nikasema, "Miwili, mama," kwa sababu niliona bora nidanganye juu ya mtoto kuliko kusema kwamba mimi mtu mzima nakula halafu najitapisha.

Hapo ndipo nilipojipalia makaa. Mama mkwe hakuondoka tena, ananipikia, anakaa mbele yangu mpaka sahani iishe, "Kula, mko wawili," nami nakula kwa sababu siwezi kukataa, kisha kinarudi chote, naye akinisikia anafurahi eti mjukuu ana nguvu. Mume wangu ni fundi wa majokofu, si mtu wa maneno mengi, lakini amepaka rangi chumba cha pili na wenzake wameniambia siku hizi anaimba kazini. Namkataza asinishike tumbo, nimemwambia daktari ndiye aliyekataza. Siku za kliniki nabeba mkoba naenda hospitali kweli, nakaa kwenye benchi na wajawazito wenzangu, ona naandika wenzangu, nikiona muda umetosha narudi nasema mtoto anaendelea vizuri. Na tumbo lilipotakiwa kuonekana nikafanya lile ninalolijua, nikakata kitambaa nikashona mto mdogo wa pamba nikaufunga kiunoni, na kila baada ya wiki kadhaa naufumua naongeza pamba.

Wiki iliyopita nilianguka kazini. Nilikuwa kwenye cherehani, moyo ukaanza kurukaruka, nikazinduka niko sakafuni na Bosi amenifungua vifungo ili nipate hewa. Mkono wake ulikuwa juu ya tumbo langu, na mtu aliyeshika vitambaa miaka thelathini huwezi kumdanganya. Hakupiga kelele. Alinifunga vifungo vyote kabla wengine hawajafika, akaninong'oneza, "Hii ni pamba ya mabega ya koti, mwanangu. Mwambie mumeo kabla mwezi haujaisha, la sivyo nitamwambia mimi."

Nimefikiria niseme mimba imeharibika, nilie kidogo, wanionee huruma, mambo yaishe, halafu nitaacha kutapika polepole mwenyewe. Je, nikisema hivyo nitakuwa nimekosea sana? Na hiki nilicho nacho ni ugonjwa au ni tabia mbaya tu? Meno yananiuma, mashavu yamevimba, nikipanda ngazi za duka nashika ukuta.

Mimi, Fundi Niliyekwama

*

Fundi, pole. Hiyo pole ni ya kweli, ishike vizuri, maana sasa nakugombeza.

Kabla ya kushika kalamu hii nilifanya kazi wodi ya wazazi miaka kumi na tisa. Nimewafunika shuka wanawake waliopoteza mimba, nikatoka nje kuwaita waume zao. Wewe unataka kumpa mumeo msiba wa mtoto ambaye hajawahi kuwepo? Atalia kweli, fundi. Mama mkwe atalia kweli, atajiuliza ni chakula gani alichokupa kibaya, kisha atakupikia zaidi ili upate nguvu ya kubeba nyingine. Nawe utakula, na utatapika. Uongo huo uache leo hii.

Swali lako la pili ungeliweka la kwanza. Ni ugonjwa. Unaitwa bulimia, na madaktari wanaujua hata kama mtaani kwako hakuna aliyewahi kuutaja. Si uroho wala si laana. Unavyokwenda umeuandika mwenyewe bila kujua: unajinyima, mwili unadai chakula kwa nguvu, unakula kupita kiasi, unaona aibu, unatapika, na kwa aibu ile unajinyima tena. Unawapata wanene kwa wembamba, wanawake kwa wanaume, ndiyo maana unaweza kuishi na mgonjwa nyumba moja usimjue. Hata siku zako kupotea huenda kunatokana na huo huo, mwambie daktari.

Kilichonifanya niweke barua za wengine pembeni ni kuanguka kwako. Kutapika kunamaliza chumvi za damu, hasa ile inayoitwa potasiamu, na moyo unaihitaji ili upige sawasawa. Moyo unaorukaruka mpaka mtu anazimia si wa kuachiwa polepole. Watu wanakufa kwa hili, tena wengine wakiwa hawaonekani wagonjwa hata kidogo. Hiyo "nitaacha mwenyewe" umeshajiambia mara ngapi tangu uanze?

Hospitali unaijua, umelikalia benchi lake bure. Safari hii pita benchi, nenda dirisha la mapokezi useme, "Nakula kupita kiasi halafu najitapisha, na nimeshaanguka." Usitaje mimba, watakutibu mimba. Waombe wakupime damu na moyo siku hiyo hiyo. Ukizimia tena, kifua kikikubana au ukitapika damu, yeyote aliye karibu akukimbize kwenye huduma za dharura, aibu utaishughulikia baadaye. Kisha omba upelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili. Najua jina limekushtua. Hakuna atakayekuita mwendawazimu. Huyo ni mtu wa kukaa nawe wiki baada ya wiki mkizungumza, akusaidie kula tena kwa saa zinazoeleweka bila kuruka mlo, kwa sababu kujinyima kwako mchana ndiko kunakozaa ule ulaji wa jioni. Kupona kupo, nimewaona waliopona. Kuteleza nako kupo, na siku ukiteleza usijiadhibu kwa njaa, mlo unaofuata ule kama kawaida. Meno mwonyeshe daktari wa meno, naye mwambie ukweli.

Bosi umemwandika kama askari. Mtu anayekufunga vifungo kabla wengine hawajaona ni mtu wako, fundi. Utani wake wa zipu ulikuumiza, na hilo alisikie kutoka kinywani mwako. Mwambie pia kwamba kuvaa magauni ya mfano umestaafu, anunue sanamu la nguo kama maduka mengine. Halafu mwombe akusindikize hospitali, na akae nawe siku ya kuzungumza na mumeo.

Kwa mumeo anza na ugonjwa: "Naumwa, nilisingizia mimba kwa aibu, hakuna mtoto." Ukishasema hivyo nyamaza, umwachie nafasi. Mama mkwe aambiwe na mwanawe mwenyewe, na aambiwe aache kuisimamia sahani yako. Akitaka kusaidia, mkishakula akae nawe mpige soga usiwe peke yako, hapo atakuwa amefanya kazi kubwa kuliko masufuria yote aliyoyapika.

Sitakudanganya kwamba watakukumbatia. Huenda mama mkwe akafunga mizigo bila kukuaga. Huenda mumeo akajifungia kwenye kile chumba asitake kukuona siku kadhaa, na ana haki, umemuumiza vibaya, usisimame mlangoni kujitetea. Lakini mume anayemkasirikia mkewe bado ana mke aliye hai. Nenda hospitali kesho asubuhi.