Kopo la Mkorosho wa Mwisho

Rutamba, Jumamosi usiku

Nimelipata! Kopo tulilolitundika kwenye mkorosho wa mwisho, ambalo mume wangu Hamisi alililenga na kulikosa kila jioni mpaka alipokwenda Dar kutafuta kazi.

Bunduki yake ya upepo ni ndogo, na kwa umbali ule kirisasi huishiwa nguvu, kikashuka na kupeperushwa. Leo nimengoja majani yatulie kidogo, nikalenga juu ya kopo, upande unakotoka upepo. Likalia.

Nikampigia simu papo hapo.

"Muongo wewe," akacheka. "Ulisogea karibu."

"Wallahi nimelipiga nikiwa palepale barazani."

Kisha akauliza kama mabibo ya mikorosho yetu yameanza kuanguka. Nikamwambia yanaanguka, nikitaraji aseme anakuja tuvune. Akasema anaitwa kazini.

Mama mkwe aliponiona nimenuna akauliza, "Mwanangu, si umelipata?"

Nimelipata, ndiyo. Lakini naogopa Hamisi ameshazoea kule, na mimi...

Natamani angekuwepo abishane nami ana kwa ana, atembee mwenyewe kwenda kukagua alama ya kirisasi, arudi amekasirika, tule pamoja.