Kisogo Amegeuka

Chumba cha juu, kwa fundi viatu,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Na goti je, limekubali ngazi? Sisi wazima. Baba bado anakoroma na bado anakataa kwamba anakoroma.

Nina habari na sitaizungusha: uso wangu umepona. Chunusi zimekwisha, Shangazi. Yamebaki madoa matatu tu, nayo yanafifia.

Unajua nilivyoteseka. Miaka mitatu nimeshonea nguo chumba cha nyuma cha duka, wateja wakiingia najifanya natafuta uzi. Kwenye kila picha ya familia nimegeuka, hadi Baba Mdogo akanibandika jina la Kisogo. Nilicheka nao, lakini iliniuma.

Sasa usinune. Mkosaji ni yale mafuta ya nazi unayonitumia kila mwaka. Nilijipaka usoni asubuhi na jioni, tena kwa wingi. Muuza dawa wa mtaani akaniambia ngozi yangu haiyawezi, nijaribu ya alizeti, matone mawili, uso ukiwa bado na majimaji. Nikamcheka, maana hayo mimi nakaangia mayai. Hata hivyo nikajaribu. Baada ya wiki sita mashavu yakatulia, ila paji la uso likakaidi.

Nilimsema muuza dawa wa watu kwa kila aliyenisikiliza. Kisha siku moja, nafua kitambaa changu cha kichwa, nikaona mstari wa mafuta pale kinapobana paji. Kumbe nywele nilikuwa bado nazipaka ya nazi, nafunga kitambaa, na yenyewe yanashuka taratibu. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi fundi nguo mzima sikukiona. Nikaacha, paji nalo likasalimu amri.

Juzi tajiri wangu aliniita mbele nimpime mteja. Nilikwenda. Nikiwa na futi mkononi, yule mama akanitazama, akauliza, "Uso huu unapaka nini?"

Sikuinama. "Alizeti, mama. Matone mawili."

Nimehamia meza ya mbele, karibu na mlango. Mafuta yako sijayatupa, visigino vyangu havijawahi kupendeza hivi.

Wasalimie binamu zangu, yule mrefu na yule mchokozi. Bibi anakusalimu sana. Mungu akutunze, na goti lako pia.

Picha unayoniomba katika kila barua iko humu ndani ya bahasha. Ninakutazama.

Ni mimi nikupendaye,
aliyekuwa Kisogo