Simu Niliyoiunda Mwenyewe Imenifukuzia Mke

Kwako Shangazi Jelimo,

Pokea salamu nyingi kutoka Kitale, na baada ya salamu nakuomba unisaidie upesi kabla sijarukwa na akili, maana nyumba yangu sasa imebaki na mimi na kuku, na hao kuku wenyewe ni wa mke wangu, hata hawanijui.

Mimi ni fundi wa mitambo katika kinu cha unga cha mzee Kartar Singh, na kwetu ni mahali panapoitwa Kwanza, nje ya mji. Kazi yangu ni mota na mikanda ya kinu, lakini ugonjwa wangu, Shangazi, ni simu. Nikiona simu kuukuu imetupwa siwezi kupita. Shamba moja la mzungu wa zamani lilipopigwa mnada, watu walikimbilia trekta na ng'ombe, mimi nikatoka na gunia la simu nyeusi, zile za kuzungusha namba, wakanicheka mpaka wakakaa chini. Waya nikapata kwa muuza vyuma chakavu, zile za jeshi. Rilei, yaani zile swichi ndogo zinazojivuta zenyewe umeme ukipita na kulia ta-ta-ta, nilizitoa kwenye mtambo mbovu uliokuwa umelala nyuma ya gereji, panya wamezaa ndani, nikazipiga msasa moja moja, nikazipanga katika sanduku la majani chai, nikaziunga na betri mbili za lori, na bana, siku simu ya kwanza ilipolia kutoka ofisini mpaka karakana, mzee Kartar alishika ndevu akasema, "Fundi, hii kitu iko na roho!"

Tangu siku hiyo kinu kina simu kila mahali, ofisini kwa Bwana Ajit ambaye ni ndugu yake mzee, kwenye mizani, ghalani, langoni na kwangu karakana. Hazigusi laini ya Posta hata kidogo, ni za ndani tu. Mke wangu Nangila ndiye karani wa mizani, kwa hivyo kila siku kabla ya chai alikuwa ananipigia, tunaongea maneno yetu, na sitakuficha, kwa simu mimi ni mtu wa maneno matamu sana.

Sasa shida ndiyo hii. Mpishi wa kinu ni mama mkwe wangu. Yeye ndiye aliyetangulia kazi hapo, hata binti yake nilimjulia hapo. Na sisi Wabukusu, mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso, hawashikani mikono, hawaketi chumba kimoja. Lakini sisi tulishazoea, hatukuwa na taabu. Yeye akitoka jikoni anakohoa, mimi napita nyuma ya magunia. Chakula changu ananiletea bawabu, Kiptanui. Hatujawahi kugongana hata siku moja, na tunaheshimiana sana, hata sweta ninayovaa wakati wa baridi niliambiwa ni yeye aliyeifuma.

Basi mzee Kartar akasema jikoni nako kuwe na simu, amechoka kupiga kelele akitaka chai. Nikamwambia, mzee, jikoni kuna mama mkwe. Akasema, "Hii simu bana, si dirisha! Wewe taona yeye kwa waya?" Nikaona kweli. Nikaifunga Jumapili mama akiwa kanisani. Lakini rilei zilikuwa zimeniishia, na badala ya kungoja nitafute nyingine, nikauunga waya wa jikoni na ule wa Bwana Ajit, kwa hivyo jikoni wakipiga, mtu akiinua simu ofisini anasikia kila kitu.

Jumatatu, wakati ule ule Nangila huwa anapiga, simu ikalia karakana. Nikainua, wala sikuuliza ni nani, nikasema, "Sema kipenzi changu, leo hata chakula sitaki, sauti yako tu inanishibisha." Kisha nikasikia sauti, na Shangazi, sauti ya huyo mama na ya binti yake ni moja kabisa, ikasema polepole, "Nilikuwa nauliza tu, watu wa karakana watakula wangapi?" Mimi nikadhani Nangila ananitania, nikasema, "Si uje unihesabu mwenyewe, kipenzi." Hapo nikasikia "Uuuwi!" na simu ikaanguka pwaa, na nyuma yake kicheko cha Bwana Ajit, ambaye kumbe alikuwa ameinua simu yake aagize chai.

Kufika wakati wa chakula kinu kizima kilikuwa kinajua. Wapakiaji wakawa wanapita karakana wakiniuliza, "Fundi, umeshiba?" Mama mkwe alijifunga leso, akaacha maharagwe yakaungua motoni, akaenda zake nyumbani kwake Myanga. Jioni Nangila naye akafunga nguo zake amfuate. Nikamwuliza, kwani kosa ni nini, si ni waya tu? Akasimama mlangoni akaniambia, "Mimi nimeolewa na mtu wa simu. Huyu wa hapa nyumbani, wa kuchomelea waya mpaka nalala, simjui." Sikumwelewa, Shangazi, kwani si ni mimi yule yule?

Nikatuma ujumbe kwa baba mkwe, Mzee Sitati, kwa mdomo wa shemeji yangu. Nikamweleza vizuri kwamba sauti ikiingia kwenye simu inageuka umeme, umeme unapita kwenye rilei, ndipo unatoka upande wa pili ukiwa sauti tena, kwa hivyo iliyomfikia mama si sauti yangu hasa, ni mfano wa sauti, na mila haijaguswa. Jibu likarudi, "Mwambie huo umeme ndio uje kumchukua mke." Ati mpaka ning'oe mashine yote, ndipo nilete wazee tuongee. Na mzee Kartar naye anasema nikiing'oa niibebe kichwani nitoke nayo langoni nisirudi. Halafu papo hapo anauliza mama atarudi lini, kwa sababu mpishi aliyeletwa anapika githeri, mahindi na maharagwe, ya kuvunja meno.

Sasa niing'oe nipoteze kazi, ama niiache nipoteze mke? Na kuongea na mama mkwe kwa waya, ni kumwona ama si kumwona? Nampenda Nangila, Shangazi, na nyumba imekuwa kubwa ghafla. Tafadhali usikawie.

Ni mimi,
Fundi wa Waya, Kitale.

SHANGAZI JELIMO ANAJIBU

Fundi wa Waya,

Niache kwanza nipanguse machozi. Nimecheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili amekuja kuuliza kama nimepata habari za msiba. Haya, nimemaliza. Sasa kaa vizuri, zamu yako imefika.

Kwanza hongera. Kutoa simu kwenye gunia la mnada na rilei kwenye viota vya panya, ukazifanya zizungumze, hilo si jambo dogo, na mikono hiyo Mungu hakukupa bure. Lakini masikio, baba, hukupewa pamoja na hiyo mikono? Uliyaacha wapi?

Unaniuliza kama kuongea kwa waya ni kumwona mama mkwe. Mimi ni mtu wa Mlima Elgon, sitawatolea Wabukusu hukumu ya mila yao, wazee wenu wapo. Ila hata kwetu mtoto mdogo anajua heshima ya mkwe haikuwekwa kwa sababu ya macho peke yake. Iliwekwa ili mama wa watu asije akapata aibu mbele ya mume wa binti yake. Na wewe umempatia aibu hiyo mbele ya mume wa binti yake, na tajiri, na wapakiaji wa magunia, kisha unamtumia mumewe somo la umeme! Hivi ulitaka Mzee Sitati akujibu nini? Akupe alama?

Tena ulimvizia. Ndiyo, ulimvizia! Jiko ni lake, ameliendesha kabla hata hujajua binti yake anaitwa nani, na wewe ukangoja aende kanisani ndipo ukampachikia kifaa ukutani bila hata kumtumia neno kwa Kiptanui. Halafu kwa haraka yako ukaunga waya mbili ambazo hazikutakiwa kukutana, eti rilei zimeisha. Zimeisha si ungengoja? Na simu ikilia, mtu mzima huuliza, "Nani mwenzangu?" Hamwagi asali kabla ya kujua aliyeshika kikombe.

Lakini nisikilize, huyo mama hana hasira na wewe. Angekuwa na hasira angekuja karakana na mwiko, mila iwepo isiwepo. Yeye ameona aibu, na mwenye aibu hujificha mpaka watu wengine wamfungulie mlango. Kazi ya kuufungua si yako peke yako. Mzee Kartar ndiye aliyetaka simu jikoni, amtumie mpishi wake ujumbe wa heshima kwamba kazi yake inamngoja na jiko lake ni lake. Bwana Ajit aliyecheka, naye aseme pole. Wakikataa, basi waendelee kutafuna githeri hiyo.

Sasa Nangila. Umeandika habari za rilei mpaka nikazijua, lakini maneno ya mkeo umeyapitia haraka ukasema hukuyaelewa. Mimi nimeyaelewa kabla sijafika mwisho wa sentensi. Mkeo hakwenda Myanga kwa ajili ya mila, mila ni ya mama yake. Mkeo amechoka. Kwenye simu wewe ni mshairi, ukifika nyumbani unampa kisogo, unainamia sanduku lako la majani chai mpaka usingizi unamchukua. Alivumilia kwa sababu angalau kabla ya chai alikuwa na ule muda wake wa kuitwa kipenzi. Na Jumatatu akagundua kwamba kipenzi ni mtu yeyote anayepiga simu! Hata ningekuwa mimi ningefunga nguo.

Kwa hivyo usiing'oe mashine, na usiitetee pia. Leo hii, kabla hujanywa chai, utenganishe waya wa jikoni na wa Bwana Ajit. Hiyo simu ya jikoni uizime, lakini usiitoe ukutani. Ukifika wakati wake, mama aulizwe kupitia kwa binti yake kama anaitaka. Asipotaka, mwekee kengele tu, ilie mara moja kuomba chai na mara mbili kuomba chakula, hapo hakuna wa kuzungumza na mwenzake. Akiitaka, basi akipiga karakana apokee mtu mwingine, na wewe uwe mbali. Mashine ibaki hivyo hivyo ya ndani, na siku moja ukiota kuiunga na laini ya Posta, amka unawe uso.

Kisha tafuta mjomba wako na mzee mwingine mmoja mwenye ulimi mzuri, mwende Myanga. Shemeji muache, yeye ni kijana, mambo ya wakwe hayatumwi kwa vijana. Mkifika, keti utakapoonyeshwa, nyamaza, wazee waseme. Chochote ambacho desturi yenu inaagiza ili kumwondolea mama aibu, kipeleke bila kunung'unika. Sharti la kung'oa mashine litalainika lenyewe wakiona umekuja kuomba msamaha, maana anayewaudhi pale si sanduku, ni wewe. Na neno umeme lisitoke mdomoni mwako, hata taa ikizimika.

Mambo ya wazee yakiisha, omba uongee na Nangila peke yenu. Hapo hutakuwa na waya wa kujificha nyuma yake. Mwangalie usoni, mwambie yale yale unayoyasema ukiwa karakana. Utatokwa na jasho, ulimi utakuwa mzito, atakutazama mpaka utamani kukimbia. Usikimbie. Sema. Na akikubali kurudi, ukifika nyumbani jioni funga kwanza lile sanduku, muulize siku yake ilikuwaje, na umsikilize mpaka amalize.

Usije ukaniandikia tena kwamba kwanza kuna rilei moja unaimalizia, utakwenda wiki ijayo. Nenda. Mashine itakungoja, haina kwao pa kurudi. Nangila anapo, na huko hakuna anayempa kisogo.