Maneno Mawili ya Kireno

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe, wifi na watoto. Natumai mko wazima. Sisi tunajikongoja, mgongo wangu unalalamika, na Mama bado upande wa kushoto haumtii.

Ujumbe wako kwa yule dada wa kazi, mgeni anayemuuguza Mama, niliupata. Sijui nani alikuambia kila mgeni anajua Kiingereza. Dada wa watu anajua Kireno tu, na kwa Mama anatumia ishara. Basi nikakaa na ujumbe wako ofisini, kwenye meza ninayotafsiria hati za mizigo, hata chakula cha mchana kikanipita. "Look after her," uliandika, basi. Nilijaribu "tome conta dela", nikakumbuka hata mwenye duka humwambia hivyo anayemwachia duka. Nikajaribu "olhe por ela", ikawa kama unamwomba malaika. Mwishowe nikaandika "cuide dela", yaani mtunze, ndivyo watu wanavyosema.

Nilimsomea akiwa anabadilisha shuka. Akauliza ni nani anayeagiza. Nikamjibu ni mtoto wa kiume wa Mama. Akauliza kama huyo mtoto ana mikono. Nilicheka, Kaka, kisha nikajifungia bafuni nikalia kwa hasira. Miaka yote hii unatuma maagizo: dirisha lifunguliwe, chumvi ipunguzwe. Kuja, huji. Mimi namwinua Mama asubuhi, naenda kazini, narudi kumwinua tena, na wageni wakija wanasikia sifa za mwanawe aliye mbali.

Sasa dada anarudi kwao, na basi lake linapita mjini kwenu. Mama ameondoka naye. Barua hii umeitoa kwenye mkoba wa Mama mwenyewe, kwa hiyo unaisoma huku anakutazama usoni. Nimemwambia ni wewe uliyemwita. Alifurahi mpaka akataka kuvalishwa gauni la buluu siku moja kabla ya safari. Nimemdanganya, na sijuti. Nakuomba tu usinikanushe mbele yake.

Nisalimie wote hapo. Mpe maji kwanza, na umwekee mto mgongoni. Dada hatakaa, basi halimsubiri. Akifika mlangoni atakugeukia na kukwambia maneno mawili ya Kireno. Hutahitaji mkalimani, Kaka. Ni yako.

Mdogo wako akupendaye bado,
Kitindamimba