Mafuta ya Kitani kwa Kitanda cha Mtoto

Baba yangu uliye Nosy Be,

Jambo hili sijamwambia mtu. Kile kitanda cha mtoto ulichokiacha bila kukipaka kitu, mdogo wangu alipofariki, nakipaka mafuta. Mama sasa ana mimba ya miezi saba, na hataki hata kitambaa kikatwe kabla mtoto hajalia. Najua ndiyo desturi yetu. Lakini kwa mvua hizi, kila mpako wa mafuta ya kitani hukauka kwa wiki nzima. Nikingoja azaliwe, atalala wapi?

Nilikwenda duka la Mhindi hapa Mahabibo. Unanijua nilivyo na haya: hata wimbo mpya wa taifa niliuimba kwa kunong'ona mpaka siku niliyomaliza shule. Mwenye duka akaniwekea kopo la vernisi.

"Paka leo, kesho inang'aa kama kioo!"

"Na mtoto akiitafuna?"

"Mtoto wa nani, binti?"

Nilitaka kukimbia. "Wa... watu."

Alicheka mpaka akakohoa, kisha akanipimia mafuta ya kitani mabichi.

Wewe ndiye uliyenifundisha kuyachagua. Unakumbuka tulivyosugua meza ya Koko, mama yako? Ulisema vernisi hukaa juu ya mbao, ikibanduka lazima uikwangue yote. Mafuta huingia ndani, na penye mkwaruzo unasugua tena pale pale. Nikaigusa ile meza, nikasema imekauka. "Mkono ni mwongo," ukasema. "Weka shavu." Shavu likanata, nawe ukacheka mpaka Koko akatoka jikoni.

Sasa Mama akilala mchana, naingia karakana yako. Mbao za mfenesi zimeanza kuwa na rangi ya asali. Naogopa, Baba. Nikipaka, naona kama namwitia mtoto mkosi. Nikiacha, ni kama tumekwisha kumkatia tamaa. Jana Mama alininusa nywele, akasema, "Unanuka baba yako." Nilijua nimekamatwa. Akanivuta kifuani, akaninusa tena.

Leo shavu halikunata. Nimekifunika kitanda kwa gunia.

Ukirudi, usinitazame mbele ya Mama. Mtoto akishalia, ufungue karakana wewe mwenyewe, ushangae kama mtu asiyejua. Mpaka siku hiyo usimwambie yeyote, Baba. Hata ukituombea dua, omba kimya.

Akungojaye,
Binti yako mkubwa