Kata Tatu za Maji Kichwani kwa Bi Mize

Kiuyu, Alhamisi. Novemba 1961, mvua ya vuli.

Mvua tangu asubuhi. Zahanati ya misheni tumeifunga mapema kwa sababu wagonjwa hawakuja, na majirani wote walikuwa mbioni kuanua karafuu walizozianika jana. Mimi nimekaa barazani, kanga mabegani, kalamu mkononi. Mwili mzito, moyo mzito zaidi.

Kesho ni zamu yangu ya kutoa neno la asubuhi.

Kila siku, kabla hatujaanza kuosha vidonda, mmoja wetu husimama mbele ya benchi la wagonjwa akasema maneno machache ya kutia moyo. Imani, matumaini, kuwatumikia wengine kwa unyenyekevu. Wagonjwa karibu wote ni Waislamu. Wanasikiliza kwa adabu, wanaitikia "naam," halafu wananyoosha miguu tuwafungue vitambaa. Miaka tisa nimelifanya hilo na sijapata kukosa la kusema. Leo nimeanza mara nne kuandika neno la kesho, na mara nne nimeuchana ukurasa.

Basi niandike ukweli humu, maana humu hakuna benchi.

Jana alizikwa Bi Mize.

Alikuwa jirani yangu, nyumba ya pili kutoka kwangu, mjane, mtu wa hapa Kiuyu tangu mababu na mababu. Mimi nimezaliwa hapa hapa lakini bado nahesabiwa wa kuja. Babu yangu aliletwa utumwani kutoka bara, akapewa uhuru wake na wamisheni na kipande cha ardhi cha kulima, na ukoo wetu ukawa wa Kikristo. Tuko nyumba sita tu upande huu wa kisiwa. Wenzetu wanatuita "watu wa misheni," na hawasemi kwa ubaya. Bi Mize ndiye aliyemkanda mama yangu siku nilipozaliwa. Alikuwa akiniita mwanangu mpaka jana, nami nina miaka arubaini na mvi zimeshaanza.

Mwanawe, Faki, anafanya kazi Unguja. Mwaka huu alichukua kadi ya chama ambacho kijiji chetu hakikitaki, na habari hazikukawia kufika. Hakuna aliyemtukana Bi Mize. Walimgomea tu, kama watu wanavyogomeana kisiwa kizima siku hizi. Akitoa salamu haiitikiwi. Akienda kisimani, waliopo wanajitwika ndoo zao wanaondoka. Akiomba kaa la moto anaambiwa jiko limezimika, na moshi unaonekana juu ya makuti. Chama chenyewe Bi Mize hakukijua. Alichokijua ni kusuka mikeka, na mikeka yake ikakosa mnunuzi.

Alipougua homa, nikawa naenda mimi. Nilimchotea maji, nilimfagilia, nilimpikia uji kwa chungu chake mwenyewe na mwiko wake mwenyewe, kwa sababu najua vyombo vyetu wanavitilia shaka. Nilijiona mwema sana. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Nikipita na ndoo kichwani mbele ya baraza zao, nilitaka wanione.

Jumapili homa ilimpanda vibaya. Alikuwa anaweweseka, anamwita mumewe aliyekufa zamani. Nilimkalisha mlango wa uani penye upepo, nikamwegemeza kifuani pangu, nikachota maji mtungini kwa kata, nikammiminia utosini. Nikachota tena. Nikachota mara ya tatu. Na wakati wote huo nilikuwa naomba kwa sauti, nikimtaja Bwana wetu kwa jina lake.

Bi Riziki, mke wa mwadhini, alikuwa anapita nyuma ya ua. Makuti yale yamechakaa, yanaonyesha kila kitu.

Kufika magharibi kijiji kizima kilishajua: Bi Mize kabatizwa.

Ningecheka kama isingekuwa msiba. Kanisa letu sisi halibatizi kwa maji. Hatuna bakuli, hatuna birika, hata padri hatuna. Tunakaa kimya vitini tukimngoja Mungu, na aliyepewa neno anainuka kulisema. Hata kuapa hatuapi, kwa sababu tumefundishwa kwamba neno la Mkristo litoshe lenyewe. Lakini nani Kiuyu anayajua hayo? Wao wameona Mkristo, wameona maji, wameona kichwa, na wamesikia jina.

Alifariki jana asubuhi, jua limekwishatoka. Nilikuwa naye peke yangu. Aliushika mkono wangu kwa nguvu nisizojua alizitoa wapi, akaniambia, "Raheli mwanangu, n'somee."

Nilijua anachokitaka. Mtu wao akiwa katika kukata roho, aliye karibu naye humtamkia shahada taratibu ili ulimi wake uifuate. Maneno yale nayajua. Nimezaliwa nayasikia, nimeyasikia kuliko hata nyimbo zetu. Sikuyasema. Niliogopa nitakuwa nimemkana Bwana wangu. Nilimwambia tu, "Nipo, Bi Mize, nipo."

Akaniangalia. Kisha akageuza uso ukutani, nikaona midomo inatikisika na kidole cha shahada kimenyooka juu ya shuka. Alijisomea mwenyewe.

Jumapili nilifungua mdomo wangu usipohitajiwa, na jana ulipohitajiwa nikaufunga.

Nilimfunga kidevu, nikamfunika kanga yake ya mjini, nikatoka kupiga hodi. Nyumba ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Nyumba ya tatu, Bi Riziki alifungua mlango nusu, akasikiliza, akasema "Inna lillahi," akafunga. Maiti ya mwanamke wa Kiislamu inaoshwa na wanawake wa Kiislamu. Mimi siwezi kumwosha. Na tena, ningemgusa kwa maji mara nyingine, yale wanayoyasema yangekuwa ndiyo mwisho wa maneno.

Baada ya sala ya adhuhuri nilikwenda msikitini, nikasimama nje, mbali kidogo na baraza. Wanaume walikuwa wanavaa viatu. Mwalimu Hamad, anayewasalisha, ni mtu mpole. Kidonda chake cha kisigino nilikifunga mimi miezi miwili. Nilimwambia Bi Mize hana wa kumwosha.

Mmoja nyuma yake akadakia, "Kwani wa misheni hawana makaburi? Nawamzike wao, ntu wao yuno!"

Mwalimu Hamad alimnyamazisha kwa mkono, akanigeukia. "Bi Raheli, mie sina ugomvi na maiti. Lakini watu wana neno lao, na mie siwezi kusimama mbele ya jeneza wao wako nyuma wananong'ona. Hebu kula yamini. Kwa Kitabu chako weye, hapa mbele yao. Useme hukum'batiza wala hukuwa na nia hiyo. Ukishakula yamini, twaja sasa hivi."

Nikamwambia sikumbatiza, na kwamba sisi hatuapi. Ndiyo yetu ni ndiyo.

"Mwaona?" akasema yule wa nyuma. Wakaondoka.

Nimpe Mwalimu haki yake, aligeuka mara mbili kuniangalia.

Nikarudi nikakaa na maiti. Joto la kabla ya mvua lilikuwa kali, na nzi walishaanza. Nilikuwa nawafukuza kwa kipande cha ukili aliokuwa anausuka kabla hajalala kitandani. Nilimfikiria baba yangu. Baba alinyang'anywa shamba lake kwa sababu hakimu alimtaka aape na yeye akakataa, ingawa alichokuwa anakisema kilikuwa kweli tupu na kila mtu anajua. Alisema ukweli si ubao wa kupigiliwa misumari. Tulikula muhogo mkavu miaka miwili na mama hakumlaumu hata siku moja. Huo ndio urithi pekee alioniachia.

Nilimwangalia Bi Mize, uso umeanza kubadilika. Mtu huyu alifunga Ramadhani zake zote. Alikuwa anaamka kusali na mgongo wake mbovu. Na sasa alikuwa amelala na nzi kama hana wenyewe, kwa ajili ya kadi ya Faki na kwa ajili ya kata zangu.

Baada ya alasiri nilichukua Kitabu nyumbani, nikarudi msikitini. Nikala yamini. Nilisema naapa kwa Mungu sikumbatiza Bi Mize, wala sikuwa na nia ya kumtoa katika dini yake, na kwamba amekufa ametamka shahada kwa ulimi wake mwenyewe. Kitabu kikanidondoka, na Mwalimu Hamad ndiye aliyekiokota. Alikipangusa mchanga kwa kanzu yake kabla ya kunirudishia.

Wakaja wote. Hilo ndilo lililonivunja. Walikuja kama mlango uliokuwa umeshikiliwa umeachiwa: maji, kafuri, sanda, jeneza kutoka msikitini. Wanawake ambao mwaka mzima hawakumwitikia salamu walilia machozi ya kweli, wakamwita dada, wakamwita mama. Habari ya chama hakuna aliyeigusa. Wanaume wakampeleka kabla ya magharibi, na Mwalimu akamsalia. Machozi yale sikuyaelewa, na leo bado siyaelewi.

Sasa niandike ninachokikwepa tangu ukurasa wa kwanza.

Kata ya kwanza ilikuwa ya homa. Ya pili ilikuwa ya homa. Ya tatu, nilipoinua mkono, nilisema moyoni: Bwana, huyu asipotee, mpokee awe wako, hata kama mwenyewe hajui. Nikamimina polepole.

Kanisa letu halibatizi kwa maji, na mimi nilimbatiza. Nilichukua maji ya mgonjwa asiyejitambua, mama aliyeniita mwanawe, nikamtendea nilichokitaka mimi. Halafu nikasimama mbele ya watu nikaapa kwamba sikuwa na nia hiyo.

Baba alikataa kuapia ukweli. Mimi nimeapia uongo.

Na lililo baya zaidi: ningerudishwa jana alasiri, ningeapa tena. Nikiwaza nzi wale, ningeapa hata mara kumi.

Wanaume walipokuwa makaburini, Bi Riziki alinifuata mtungini. Alikuwa amemwosha Bi Mize kwa mikono yake, mikono bado ina harufu ya kafuri. Alikuwa ameishika ile kata, akaitundika mahali pake.

"Bi Raheli," akasema, "mie nilisema nilichokiona."

"Najua, Bi Riziki."

"Sikusema uwongo."

"Hukusema uongo."

Akanitazama sana. Nadhani alielewa. Mwanamke aliyetazama kupitia tundu la makuti huona vizuri kuliko aliyetazama uwanjani. Nilingoja apaze sauti awaite wenzake. Hakupaza. Alipandisha kanga akanionyesha mguu, kuanzia goti kwenda chini: kidonda kikubwa, kingo nyeusi, na harufu.

"Tangu siasa hizi naona haya kuja kwenu," akasema. "Ijumaa n'takuja. Unitizame n'guu wangu."

Ijumaa ni kesho.

Jumapili, katika kimya chetu, nitainuka niwaambie wenzangu kwamba nimekula yamini. Watanikemea au watanilia, vyote nastahili. Lakini habari ya kata ya tatu siwezi kuisema mahali popote. Nikiisema nitapata nafuu mimi peke yangu, na Bi Mize atafukuliwa midomoni mwa watu. Faki atakaporudi ataambiwa mama yake kafa kafiri. Kwa hiyo nitakaa nayo. Nilikuwa nataka kubeba mzigo wa mwenzangu na watu wanione. Nimepewa mzigo ambao hakuna atakayeuona.

Je, naamini nimesamehewa? Nimefundisha hivyo miaka tisa mbele ya lile benchi. Leo naliandika jibu langu kwa ukweli: sijui. Natumaini. Ni tumaini dogo, la mtu anayeshika kamba gizani asijue imefungwa wapi, na bado sijaiachia.

Neno la kesho sijaliandika na sitaliandika. Nitasimama mbele ya benchi, niwakaribishe, ninyamaze. Kisha nitachukua beseni, maji ya uvuguvugu na chumvi, nipige magoti nianze na mguu wa Bi Riziki. Ee Mungu, unizuilie moyo wangu wakati mikono yangu iko majini. Nisimtakie Bi Riziki kitu kingine chochote, ila kidonda kipone.