Khanga ya Pili ya Mwalimu

Chole, Jumanne

Nani aliwatuma watu wa televisheni waonyeshe mambo yale? Tamthilia ya Kihindi, ya zamani, imetiwa Kiswahili. Mwalimu wa kike anatupiwa kinyesi cha ng'ombe kwa kuwafundisha wasichana, na mkobani ana sari nyingine ya kubadili.

Zuhura, binti wa kaka yangu, akasema, "Shangazi, hata mwalimu wangu alikuja na khanga ya pili."

Miaka ile Zuhura alikuwa mwali, tumemweka ndani, mwalimu akaja kuomba arudi shule. Nikammwagia maji machafu. Kesho yake akaja tena. Nikammwagia tena.

"Nilichungulia dirishani," Zuhura akasema, huku anachambua mchele.

Miaka yote hii alijua, na kila asubuhi ananiamkia shikamoo. Kesho sijui marahaba nitaitoa wapi.